Injini inanguruma safi ila haichomelei, nibadilishe kadi?

Shikamoo fundi,

Naomba msaada manake hapa kichwa kimeshachoka. Nina mashine ya kuchomelea ya injini, ya petroli, ile ya DC ya rodi za kawaida, pembeni ina soketi mbili za umeme wa kawaida za kuchomeka grainda na taa. Nimeitumia vizuri tu, baadaye kazi za nje zikakata nikaifunika nikaiweka stoo, ikakaa humo muda mrefu haijaguswa na stoo yenyewe ina unyevu. Sasa nimepata kazi ya geti sehemu isiyo na umeme nikasema ngoja niitoe.

Injini haikunisumbua. Nilimwaga petroli ya zamani nikaweka mpya, nikasafisha plagi na kabureta, betri tu ndo ilikuwa imekufa kabisa nikaitoa nikaweka pembeni, nikavuta kamba ikawaka, inanguruma vizuri haikosi hata kidogo. Shida iko kwenye kuchomelea. Nikigusa chuma na rodi hamna kitu, hata cheche moja ya kuzugia hamna. Nikajua labda rodi zimenyonya unyevu nikafungua pakiti mpya, wapi. Nikabadilisha holda, nikahamisha klampu ya athi nikakwangua rangi mpaka chuma kikawa cheupe, bado vilevile.

Alafu kuna kitu kingine, zamani nikigusa chuma injini ilikuwa inapanda resi yenyewe, saiz inabaki kwenye silensa (resi ya chini) tu haijui kama kuna mtu anachomelea. Kijana ninayefanya naye kazi akasema tatizo ni resi, akachukua bisibisi akakaza skrubu ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini), injini ikapanda kweli ila moto hamna. Soketi nazo zimekufa, nimechomeka taa haikuwaka, nikapima na multimita ikasoma voti 3 na kidogo hivi, kwenye tundu za nyaya za kuchomelea karibu na sifuri.

Nimeuliza watu. Wa kwanza akasema moja kwa moja kadi, ile bodi ya elektroniki inayorekebisha umeme, imeungua, na bei aliyonitajia ni karibu nusu ya mashine nzima. Wa pili akasema sumaku imekufa, nichukue betri ya gari niguseguse nyaya za ndani itaamka yenyewe. Wa tatu akasema rota imeungua niitoe ikasukwe upya. Watu watatu majibu matatu, na wote hawajafungua hata kifuniko. Fundi nianzie wapi?

Na swali dogo, hii mashine ikipona naweza kuchomelea huku nimechomeka grainda, taa na chaja ya simu kwa pamoja? Kijana alikuwa anafanya hivo mimi nikawa na wasiwasi.

Mchomeleaji aliyekwama

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza usimpe mtu hela ya kadi. Sisemi kadi haiwezi kufa, zinakufa sana tu, ila kwenye barua yako umeandika mwenyewe vitu vitatu ambavyo huyo fundi wa kwanza angevisikiliza asingekurupuka. Soketi nazo zimekufa. Multimita imesoma voti 3 na sio sifuri kavu. Na betri umeitoa. Hicho cha betri umekipitisha harakaharaka kama kitu kisicho na uzito na mimi ndo kimenishika zaidi kuliko vyote.

Watu wengi wanajua betri kwenye hizi mashine ni ya kuwashia tu, so ikifa unavuta kamba maisha yanaendelea. Kwa injini ni kweli. Kwa upande wa umeme sio kweli kwa mashine nyingi. Ndani ya jenereta ya aina yako hamna sumaku ya kudumu (ile sumaku ya kwenye gurudumu la injini ni ya plagi na kuchaji, hiyo ni habari nyingine). Rota ni chuma kilichozungushiwa koili ya waya, na ili iwe sumaku lazima ipitishe umeme wa DC (unaoenda upande mmoja tu), unaoingia kupitia kaboni mbili zinazogusa ringi za kwenye shafti. Na huo umeme unatoka wapi? Unatoka kwenye mashine hiyohiyo, kuna koili ndogo ndani ya stata (sehemu isiyozunguka inayoizunguka rota) inazalisha umeme, unapita kwenye rektifaya unageuzwa DC, unaenda kwenye kaboni, rota inapata sumaku zaidi, koili inazalisha zaidi, na hivohivo mpaka voti zinapanda zinafika zinapotakiwa. Yani inahitaji umeme ili itoe umeme.

Sasa lazima kuwe na cha kuanzishia. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma cha rota hata mashine ikiwa imezimwa, hiyo inatosha kuzalisha voti chache za kuanzia. Ya pili, mashine nyingi zenye betri hazitegemei bahati, ukiwasha tu zinatuma voti za betri kwenye rota kwa kupitia dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), rota inashtuka, baadaye umeme wake ukishapanda ile dayodi inazuia usirudi kwenye betri. Umeona sasa? Wewe betri umeitoa, mashine imekaa muda mrefu sumaku ya kwenye rota imepungua, na ringi zimeota utando wa kutu na unyevu. Hizo voti chache zilizobaki lazima zipite kwenye dayodi mbili za rektifaya, kila moja inakula kama voti 0.6 au 0.7, alafu zikutane na ringi chafu. Zinaishia njiani. Injini itanguruma mpaka petroli iishe na hamna kitakachotoka.

Zile voti 3 ulizosoma sio za kudharau, zinasema mambo mazuri kadhaa. Zinasema rota inazunguka kweli, sumaku ya mabaki bado ipo kiasi, koili ya soketi haijakatika, na breka za soketi hazijaruka. Kama ungesoma sifuri kabisa ningekuwa na wasiwasi zaidi. Na kwa kuwa pande zote mbili zimekufa, ya soketi na ya kuchomelea, shida iko sehemu inayolisha zote mbili, ambayo ni rota na njia yake ya kupata umeme. Ndo maana kubadilisha holda na rodi hakukusaidia na hakungeweza kusaidia hata ungebadilisha mara mia, holda iko mwisho kabisa wa njia na wewe umeme haujazaliwa bado.

Hapo niweke tahadhari moja, sio mashine zote zimeundwa hivi. Kuna zisizo na kaboni kabisa, zina kapasita kwenye stata, na kuna za zamani za DC zenye komyuteta ile yenye vipande vingi vya shaba. Kitabu cha mashine au mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko utakuambia yako ni ipi, ukikuta kapasita kubwa na huoni kaboni basi ya kwanza kushuku ni hiyo kapasita, ipime ulinganishe na mikrofaradi zilizoandikwa juu yake, ikiwa imevimba au imeshuka sana badilisha kwa ya namba ileile. Ila kabla ya kuigusa itoe chaji, inatunza umeme hata injini ikiwa imezima na inarusha vibaya.

Tuje kwenye resi, manake hapo kijana wako amekusogeza mbali na tatizo. Ile injini kupanda yenyewe ukigusa chuma, inapanda kwa sababu kuna kihisi kinachosikia mkondo ukianza kupita kwenye waya wa kuchomelea, kikisikia ndo kinaachia gavana. Kwako hamna mkondo, kwa hiyo kihisi hakina cha kusikia, kwa hiyo injini inabaki silensa. Resi kutopanda ni matokeo sio chanzo. Watu wanalisoma hili kinyume kila siku, wanahangaika na kabureta na nyaya za gavana wakati injini haina kosa lolote. Ukitaka kuhakikisha kuna swichi ya silensa otomatiki hapo mbele, iweke upande wa resi ya juu muda wote, basi, huna haja ya bisibisi. Na majaribio yote nitakayokuambia huku chini yafanye swichi ikiwa upande huo, manake kwenye silensa mashine nyingi hazifikishi voti zake.

Na ile skrubu irudishwe ilipokuwa. Hili sio la kuacha kesho. Mizunguko ya injini ndo inaamua herzi (Hz, kasi ya umeme kupanda na kushuka) za umeme wa kwenye soketi, unazidisha idadi ya ncha za sumaku za rota na mizunguko kwa dakika alafu unagawanya kwa 120. Rota ya ncha 2 inahitaji mizunguko 3000 kupata Hz 50, ya ncha 4 inahitaji 1500. Kwa mashine za Hz 60 ni 3600 na 1800. Bila mzigo huwa inawekwa juu kidogo ya hapo kwa sababu ikibeba mzigo inashuka, so mashine ya 3000 ukiikuta 3100 na kitu bila mzigo ni kawaida. Lakini ukikaza mpaka injini inalia, siku umeme ukirudi voti nazo zitakuwa juu, utaunguza taa na grainda na pengine hiyo kadi ambayo sasa hivi huenda ni nzima, na rota yenyewe haikutengenezwa kuzungushwa kwa kasi yoyote unayojisikia. Kama hamkumbuki mlikaza kiasi gani, legeza mpaka isikike kama zamani, ukishapata umeme weka multimita kwenye Hz urekebishe sawasawa, bila mzigo Hz 52 au 53 kwa mashine ya Hz 50.

Haya, kazi yenyewe. Fanyia nje au sehemu ya wazi, moshi wa petroli ndani ya chumba unaua na hauna dalili ya kukuamsha. Ukifungua kifuniko injini iwe imezimwa na waya wa plagi umetolewa ili mtu asije akavuta kamba wewe mkono uko ndani, na nywele, mikono mirefu ya shati, cheni za shingoni, vyote mbali. Soketi zikiwa hai ni umeme wa kuua kama wa ukutani. Tundu za kuchomelea bila mzigo mara nyingi ni voti 60 mpaka 80, watu wanazidharau ila ukiwa na glavu zilizolowa na umepiga magoti kwenye maji hizo sio za kuchezea.

Anza na betri. Weka nzima yenye chaji, hata ya kuazima, angalia chanya na hasi zisigeuke, kagua na fyuzi ndogo iliyoko karibu na swichi ya kuwashia manake kwenye mashine nyingine hiyo ndo inapitisha ile voti ya kushtua. Washa kwa swichi sio kwa kamba. Peleka resi ya juu, iache dakika chache, pima soketi. Nisingeshangaa kabisa ikiamka hapohapo. Ikiamka usiseme imepona ukaondoka, endelea tu na usafi wa kaboni kama nitakavyosema, manake ringi chafu zitakurudisha hapahapa siku nyingine ukiwa mbali zaidi na nyumbani.

Isipoamka, zima, fungua upande wa kaboni. Kabla hujagusa chochote piga picha kwa simu nyaya zilivyokaa, hasa ipi chanya ipi hasi, mtu anajiamini atakumbuka na hakumbuki. Mashine iliyokaa stoo nimezikuta na viota vya panya na vya manyigu humo ndani, na panya wakishazoea humo wanakata nyaya. Puliza vumbi lote. Toa kaboni moja moja, inatakiwa iteleze ndani ya nyumba yake kwa uhuru na springi iisukume mpaka iguse ringi. Hapa ndo nakuta tatizo mara nyingi zaidi kwa mashine zilizokaa kwenye unyevu, kaboni imekwama kwenye nyumba yake, iko milimita moja tu kutoka kwenye ringi, kwa macho unaona imegusa kumbe haijagusa. Kama imeisha imekuwa fupi kuliko kipimo cha kitabu badilisha zote mbili pamoja. Kama ina mafuta, badilisha, na utafute mafuta yanatoka wapi.

Ringi ziangalie rangi. Kahawia laini inayong'aa ni nzuri iache. Kijani, nyeusi ya kuungua au madoadoa ya kutu ndo mbaya, chukua msasa laini ule wa mbao, zungusha rota kwa mkono huku umeushikilia msasa, mpaka shaba ionekane safi pande zote, alafu puliza unga. Usitumie ile nguo nyeusi ya msasa ya kung'arishia chuma, chembe zake zinajikita kwenye shaba na zinaweza kupitisha umeme pale pasipotakiwa. Na usipake grisi wala mafuta ya kupuliza kwenye ringi, nasema hivi kwa sababu kuna mtu atakushauri.

Ukiwa hapohapo pima rota, ndo utamjibu yule wa tatu aliyetaka ikasukwe. Nyaya za kaboni zitoe, weka multimita kwenye omu, gusa ringi moja na nyingine. Inatakiwa isome omu chache mpaka makumi kadhaa kutegemea mashine, namba kamili iko kwenye kitabu. Ikikataa kabisa kusoma, waya wa rota umekatika, mara nyingine ni pale tu ulipounganishwa na ringi na panarudishwa kwa risasi bila kusuka chochote. Ikisoma karibu na sifuri kuna shoti. Alafu gusa ringi moja na shafti, hapo isisome kitu kabisa, ikisoma manake waya unagusa chuma, ila kwa mashine iliyotoka kwenye unyevu usihukumu haraka, iache juani ikauke vizuri ndani alafu pima tena. Rota nyingi zinapelekwa kusukwa zikiwa na maji tu.

Baada ya rota pima rektifaya ndogo inayolisha kaboni, ile yenye miguu minne. Itoe nyaya zote, weka multimita kwenye alama ya dayodi, kila mguu wa AC kwenda chanya na hasi unatakiwa usome karibu 0.5 mpaka 0.7 upande mmoja na ugome upande wa pili. Ikisoma pande zote au ikigoma pande zote imekufa, na ni kitu cha bei ndogo tu ukilinganisha na kadi. Kwenye baadhi ya mashine rektifaya hii imo ndani ya kadi yenyewe, hapo ndo kadi inaingia kwenye hesabu kihalali.

Sasa yule wa pili na betri yake ya gari. Hakukosea kwenye wazo, amekosea kwenye kugusagusa. Kuishtua rota kwa betri ni kazi ya kweli, wenye mashine wanaifanya, ila inafanywa hivi. Nyaya mbili zinazoingia kwenye kaboni unazitoa kwanza, ili voti za betri ziende kwenye rota tu zisiingie kwenye kadi. Unachukua betri ya voti 12, waya wa chanya unaupitisha kwenye taa ya gari ya voti 12 na swichi kabla ya kufika kwenye kaboni ya chanya, hasi inaenda kwenye kaboni ya hasi. Nyaya zote zifungwe imara mbali na rota injini ikiwa imezima. Alafu unawasha, unapeleka resi ya juu, unabonyeza swichi sekunde chache huku mwenzako anasoma soketi.

Utakachokiona hapo ni kipimo kizuri kuliko vyote. Voti zikiruka kutoka 3 zikaenda makumi, hata kama hazifiki kamili kwa kuwa voti 12 hazitoshi kuilisha rota yote, basi rota ni nzima, stata ni nzima, na ugonjwa uko kwenye njia ya kulisha, yani rektifaya, koili ndogo, waya au kadi. Zisiporuka kabisa wakati omu za rota zilikuwa sawa, tatizo linaelekea kwenye stata. Na ile taa ikiwaka kwa nguvu kama vile umeiunganisha moja kwa moja na betri, rota ina shoti, achia haraka. Ukimaliza zima, rudisha nyaya za kaboni, washa tena uone kama sasa inapanda yenyewe. Chanya na hasi usizigeuze, ukigeuza unaiua na ile sumaku kidogo iliyobaki. Betri usiiguse kamwe kwenye soketi wala kwenye tundu za kuchomelea.

Kuna na ule ujanja wa kuchomeka drili kwenye soketi na kuizungusha kwa mkono kinyume huku injini inanguruma. Naujua, unafanya kazi wakati mwingine, ila umeme ukija ghafla drili inakuvunja vidole. Kama huna haraka ya kufa na njaa acha.

Ukishapata soketi hai ndo uende upande wa kuchomelea. Pima palepale kwenye tundu za mashine, sio mwisho wa waya, multimita ikiwa DC, ulinganishe na voti za bila mzigo zilizoandikwa kwenye kibao. Zikiwa sawa pale na hazipo kwenye holda, waya au kiungo chake kimeoza ndani ya mpira. Zisipokuwepo pale wakati soketi zinafanya kazi, angalia ile swichi ndogo ya kuchagua kurekebisha kwa paneli au kwa rimoti, ikiwa upande wa rimoti na rimoti haipo mashine inaweza kukunyima moto au kukupa wa chini kabisa, na nimeona mtu akisafirisha mashine nzima kwa fundi kwa ajili ya hiyo swichi. Swichi za kuchagua ampia na za kubadilisha chanya na hasi nazo zinaota kutu zikikaa, zima injini uzizungushe kwenda na kurudi mara nyingi mpaka zijisafishe. Injini ikiwa inafanya kazi na unachomelea usizizungushe, zinaungua meno. Ikitoa moto lakini dhaifu, unatapika tapika na rodi inaganda, pima dayodi za rektifaya kubwa moja moja, ikifa moja mashine haizimi ila moto unakuwa wa hovyo.

Kadi unaishuku pale tu ambapo betri ipo, kaboni zinagusa, ringi safi, rota inasoma, rektifaya nzima, kushtua kwa betri kumetoa voti, na bado ukirudisha nyaya haipandi. Hata hapo toa na urudishe plagi zake zote za nyaya kwanza, ukague kama kuna pini yenye kutu.

Hilo la kuchomeka vitu huku unachomelea. Nguvu ya injini ni moja, kinachoenda kwenye rodi kinapungua kwenye soketi, kibao cha mashine kinaonyesha ukiwa kwenye ampia fulani soketi zinabakiwa na wati ngapi. Taa ya kawaida haina neno. Grainda iwashe ukiwa hujachomelea, manake ikianza inavuta mkondo mkubwa na moto wako utayumba, na mwenye grainda naye ataona inapoteza nguvu kila ukigusa rodi. Chaja ya simu mwambie kijana aitoe, kila ukianza na kuacha kuchomelea voti za soketi zinapanda na kushuka, grainda inavumilia hiyo, chaja na vitu vya elektroniki havivumilii. Na siku ya kwanza umeme ukirudi usichomeke chochote cha thamani mpaka umepima voti na Hz, kwa sababu ya ile skrubu.

Ukikwama niandikie namba hizi tu: voti za soketi betri ikiwa imefungwa, omu za rota ringi kwa ringi, na taa ilifanya nini uliposhtua.